Baraza la Juma: Miaka 52 ya Nusura

Ndugu wasomaji, wahenga walinena kwamba mkamia maji hayanywi. Juma hili baraza letu litazungumza habari za timu moja iliyoyakamia maji kwa muda wa miaka 52, ikayafikisha mdomoni mara nyingi, na kila mara kata ikaiponyoka mkononi. Timu hiyo ni Padres ya mji wa San Diego, huko Marekani, na mchezo wake ni besiboli.

Huenda askari aliye lindoni, au mama aliye jikoni, akauliza mambo hayo yatuhusu nini. Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, besiboli si mchezo mgeni kabisa katika pande zetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, nchini Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya watoto ya dunia yanayofanyika kila mwaka huko Pennsylvania. Pili, San Diego ni mji wa askari. Bandari yake ni kituo kikubwa cha manowari, makuruta wa kikosi cha Marine hufunzwa huko, na tangu mwaka 2000 wachezaji wa Padres wamekuwa wakivaa sare za mabaka katika baadhi ya michezo yao, kwa ajili ya kuwaheshimu wanajeshi. Habari hii, basi, ni ya watu wanaojua maana ya amri.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, tuueleze kwa ufupi. Timu mbili hupokezana, moja ikipiga na nyingine ikilinda. Mrushaji husimama katikati na kumrushia mpira mpigaji aliyeshika rungu. Mpigaji akiupiga mpira ukaanguka mahali ambapo walinzi hawawezi kuuwahi, yeye hukimbilia kituo cha kwanza, na hilo ndilo pigo halali. Vituo ni vinne, na anayevizunguka vyote huiletea timu yake alama moja. Mchezo una zamu tisa, na katika kila zamu walinzi hawana budi kuwatoa wapigaji watatu. Kwa hiyo mrushaji anayetaka kuumaliza mchezo mwenyewe lazima aone wapigaji wakitolewa mara 27. Akifika mwisho bila kupigwa pigo halali hata moja, amefanya jambo ambalo warushaji wengi hodari hustaafu bila kulionja.

Jambo hilo huheshimiwa kiasi kwamba limezungukwa na mwiko. Mrushaji akianza kulikaribia, wenzake humwacha akae peke yake benchini, wala hapana anayethubutu kulitaja, kama vile wazee wetu walivyokataza kumtaja nyoka kwa jina lake usiku.

Timu ya Padres iliingia katika ligi kuu mwaka 1969, na mwaka huohuo ilishindwa michezo 110. Miongoni mwa warushaji wake alikuwamo kijana aitwaye Clay Kirby, ambaye katika mwaka huo wa kwanza alibebeshwa lawama ya kushindwa mara 20. Tarehe 21 Julai 1970, Kirby, akiwa na umri wa miaka 22, alisimama mbele ya timu ya Mets ya New York, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa bingwa. Zamu nane zilipita, na bingwa hakuwa amepata pigo halali hata moja.

Lakini kulikuwa na tatizo. Katika zamu ya kwanza Kirby alikuwa amerusha mipira iliyopotea, na sheria huwapa wapigaji njia ya bure ya kwenda kituoni mipira ikipotea mara nne. Kwa njia hizo za bure, na kwa wepesi wa kuiba vituo, Mets walipata alama moja bila kupiga pigo. Padres hawakuwa na alama yoyote. Ilipofika zamu yao ya nane ya kupiga, ilikuwa ni nafasi ya Kirby mwenyewe kushika rungu, na warushaji kwa kawaida ni wapigaji dhaifu. Sheria humruhusu mkuu wa timu kumweka mpigaji mwingine mahali pake, lakini anayeondolewa harudi tena uwanjani.

Mkuu wa timu alikuwa Preston Gómez, mzaliwa wa Cuba. Watazamaji walimwangalia atafanya nini. Timu ilikuwa mkiani, na mashabiki hawakuwa na la kujivunia isipokuwa mkono wa kijana yule. Gómez alimwondoa Kirby. Mpigaji aliyeingizwa akatolewa bila faida, watazamaji wakazomea, na mrushaji aliyechukua nafasi katika zamu ya tisa akapigwa. Padres walishindwa kwa alama 3 kwa 0. Hivyo basi siku ile walikosa ushindi na wakakosa sifa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Je, Gómez alikosea?

Wengi walimlaumu, na kwa miaka mingi jina lake lilitajwa pamoja na usiku ule. Lakini tazama jambo alilolifanya baadaye. Tarehe 4 Septemba 1974, akiwa sasa mkuu wa timu ya Houston Astros, alijikuta mahali palepale. Mrushaji wake Don Wilson alikuwa amemaliza zamu nane bila kupigwa pigo halali, na timu ilikuwa nyuma kwa alama 2 kwa 1. Gómez alimwondoa Wilson kama alivyomwondoa Kirby, na timu ikashindwa kwa hesabu ileile. Mtu huyu alizijua lawama za kwanza na akazikubali za pili. Kwake yeye, timu huingia uwanjani kutafuta ushindi, na sifa ya mmoja huja baada ya haja ya wote. Twaweza kuona uchungu katika uamuzi wake, lakini kigeugeu hakikuwamo. Askari aliye chini ya mkuu wa namna hiyo hujua mapema atapimwa kwa kipimo gani.

Na Kirby je? Hasira alikuwa nayo, na nani asingekuwa nayo? Hata hivyo, mwaka uliofuata alirudi mahali pake na kushinda michezo 15, katika timu iliyoshindwa michezo 100. Hiyo ndiyo sehemu ya habari yake ambayo watu hawaikumbuki, na ndiyo inayostahili kusimuliwa watoto. Alifariki mwaka 1991, angali mtu wa makamo, bila kupata tena nafasi iliyofika karibu na mwisho kama ile.

Mwezi wa Julai 1972 ulikuwa na vitimbi vya pekee. Tarehe 4, Padres ndio waliokuwa wakiteswa. Tom Seaver wa Mets, mrushaji mashuhuri, alikuwa amebakiwa na wapigaji wawili tu, ndipo Leron Lee wa Padres alipompiga pigo moja na kuivunja furaha yake. Majuma mawili baadaye malipo yalirudi. Tarehe 18, Steve Arlin wa Padres aliwakabili Phillies wa Philadelphia na kubakiwa na mpigaji mmoja pekee, Denny Doyle. Mkuu mpya wa timu, Don Zimmer, alihofia kwamba Doyle angeugusa mpira kidogo tu uanguke karibu, kisha akimbie. Akamwamuru mlinzi wa kituo cha tatu asogee mbele. Doyle aliupiga mpira chini, ukadunda, ukapita juu ya kichwa cha mlinzi. Lau angalisimama mahali pake pa kawaida, mpira ungalimfikia mikononi.

Amri ile ilitolewa kwa nia njema na kwa hesabu ya mtu mzoefu. Mlinzi alitii kama ilivyompasa, na mrushaji alifanya kazi yake. Bado jambo liliharibika. Katika maisha ya kambini, na nyumbani pia, yako mambo yanayoharibika bila kuwapo mwovu, na kumtafuta mwovu kwa nguvu huongeza hasara juu ya hasara. Arlin alishinda mchezo ule, ingawa mwaka huo alimaliza akiwa ameshindwa mara 21. Alipoacha mchezo akawa daktari wa meno, akawatibu watu wa mji uleule wa San Diego.

Miaka ikapita, na nusura zikafuatana. Mwaka 1997 Andy Ashby aliifikia zamu ya tisa, akapigwa na mpigaji wa kwanza wa zamu hiyo. Mwaka 2006 Chris Young alibakiwa na wapigaji wawili, mpira ukapigwa ukavuka ukuta wa uwanja. Tarehe 9 Julai 2011, huko Los Angeles, warushaji watano walipokezana kazi hiyo kama walinzi wa zamu za usiku, wakawatoa wapigaji 26 bila pigo halali. Alipobaki mmoja, pigo la kwanza likapatikana, na la pili likafuata. Kwa kuwa Padres hawakuwa na alama yoyote, mchezo wote ukapotea kwa alama 1 kwa 0. Mapigo mawili tu, katika dakika za mwisho!

Mets nao walikuwa na njaa ileile tangu mwaka 1962. Tarehe 1 Juni 2012, katika mchezo wao wa 8,020, Johan Santana wa Venezuela aliwaondolea njaa hiyo. Santana alikuwa amekosa mwaka mzima wa 2011 kwa sababu ya kupasuliwa bega, na mkuu wake, Terry Collins, hakukusudia arushe zaidi ya mipira 115 hivi. Usiku ule alimwacha arushe mipira 134. Mji wa New York ulishangilia, na Collins alionekana kuwa na huzuni kubwa kuliko furaha, akiliogopea bega la kijana wake. Mwaka huohuo wa 2012 ukawa wa mwisho kwa Santana katika ligi kuu. Hapana awezaye kuapa kwamba mipira ile ndiyo iliyommaliza. Lakini wanaomlaumu Gómez kwa kumnyima Kirby sifa yafaa wamkumbuke Collins, aliyetoa sifa hiyo na kuondoka uwanjani na mzigo moyoni. Uongozi una gharama kwa njia zote mbili.

Padres walibaki peke yao, timu ya mwisho katika ligi kuu kulikosa jambo hilo. Ndipo tarehe 9 Aprili 2021, huko Texas, katika mchezo wao wa 8,206, likatimia. Mrushaji alikuwa Joe Musgrove, mwana wa viunga vya San Diego, aliyekua akiishangilia timu hiyo tangu utotoni na kujiunga nayo miezi michache tu kabla. Alirusha mipira 112. Hakumpa mtu njia ya bure, na mpigaji mmoja tu ndiye aliyefika kituoni, kwa kuwa mpira ulimgonga mwilini. Wapigaji kumi walishindwa kuupata mpira wake, na 17 waliosalia walitolewa kwa mikono ya wenzake. Hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 25 Julai 2024, Dylan Cease akalirudia jambo hilo kwa timu hiyohiyo, kana kwamba mlango uliofungwa nusu karne ulikuwa ukihitaji kusukumwa mara moja tu.

Ndugu wasomaji, miongoni mwenu wamo waliokaribia cheo na cheo kikampata mwingine. Wamo walioondolewa kazini siku moja kabla ya kazi kukamilika, na nishani ikavaliwa na aliyekuja nyuma. Wamo pia wake na watoto wanaomsubiri nyumbani mtu wa namna hiyo, wasijue wamwambie nini. Msimwambie kwamba halikuwa jambo kubwa, maana anajua lilikuwa kubwa. Mpeni chakula chake, mwacheni anyamaze kama mrushaji benchini, na kesho yake mkumbusheni kwamba zamu yake itafika tena. Nanyi wakuu, mnapolazimika kumwondoa Kirby wenu kwa haja ya kikosi, mwondoeni. Lakini mwiteni kando, mweleze sababu kwa kinywa chenu wenyewe, asije akaisikia kwa wengine.

Tukutane juma lijalo.