Marburg, Singida na Safari za Vijana Wetu

Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza akiwa Dodoma kwamba maradhi ya Marburg yamethibitika mkoani Kagera. Tangu siku ile simu zetu hazikunyamaza. Wazazi wa Unguja na Pemba wana watoto vyuoni Bara, na swali lao lilikuwa moja: arudi au abaki?

Mwezi wa Februari tulikuwa na safari Singida. Mabasi ya baina ya Dar es Salaam na Mwanza au Bukoba hupita huko. Pale stendi tukazungumza na vijana. Mmoja alituambia, "Kagera mbali, Sheikh," kisha akapanda basi lililotoka Bukoba! Na siku hiyo hiyo mama mmoja wa Pemba alitupigia akitaka mwanawe asikanyage Singida kabisa, ilhali Singida hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyetangazwa.

Wote wawili walipima kwa masafa. Marburg haiendi kwa hewa kama Korona. Huambukiza kwa kugusa damu au majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na dalili hujitokeza baina ya siku 2 na 21. Shirika la Afya Duniani halikushauri safari zizuiwe. Kwa hiyo kupita Singida si tatizo. Tulipomuuliza kijana mwengine atafanya nini homa ikimshika njiani, alijibu bila kusita: atameza Panadol apite kwenye kipimo cha joto, asije akateremshwa. Hapo ndipo tulipoogopa.

Hadithi aliyoisimulia 'Abdur-Rahmaan bin 'Awf (Radhiya Allaahu 'anhu), wakati 'Umar aliporejea kutoka Sargh bila ya kuingia Sham yenye tauni, ina sehemu mbili: kutoingia katika ardhi yenye maradhi, na kutotoka humo kwa kuyakimbia. Vijana wengi, na wazee wao pia, huijua ya kwanza tu. Hiyo ya pili ndiyo nzito, kwani humtaka mtu asubiri kwa ajili ya usalama wa watu asiowajua. Aliyetoka penye maradhi kisha akaificha homa yake kwa dawa, huo ni udanganyifu na ni kuwadhuru wenziwe ndani ya basi, na baadaye ndani ya boti.

Machi 13, tukiwa ndani ya Ramadhani, ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha, baada ya kutimia siku 42 bila mgonjwa mpya. Waliofariki, waliothibitika na waliodhaniwa, walikuwa 10. Allah awarehemu.

Lakini tusiwalaumu vijana peke yao. Yule wa Panadol alitueleza sababu: nauli ingepotea, na nyumbani wameshamwekea futari. Basi mtoto akikupigia kutoka Manyoni au Singida akasema ana homa, usimwambie ajikaze afike. Mwambie ateremke aende hospitali, aseme ametoka wapi, na nauli nyengine utamtumia.