Kabla Hujamlaumu Mtunza Ruta

Wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa wazazi wawili wameniuliza juu ya jambo lilelile lililonifikisha kwenye kosa hilo. Kompyuta mpakato ya mtoto imetoka kwa fundi, imewekewa Windows upya, inawaka vizuri na ni nyepesi kuliko awali, lakini waifai haipatikani.

Ya ofisi ya msikiti wetu ilirudi katika hali hiyohiyo tarehe 27 Ramadhani. Siku hizo za mwisho ndipo tunapochapa vipande vya kugawia zakatul-fitri, na kila aliyewahi kuikusanya anajua kwamba inatakiwa iwafikie wahitaji kabla ya swala ya Idi. Ikichelewa hapo, huhesabiwa kuwa sadaka ya kawaida. Orodha ya familia ilikuwa imehifadhiwa mtandaoni, alhamdulillah, la sivyo ingefutika pamoja na vyote vilivyokuwamo katika diski. Ningeweza kuisoma kwa simu, lakini mashine ya kuchapa imeunganishwa na kompyuta ile, na kuyapeleka majina ya wajane na mayatima wa mtaa kwenye duka la steshenari sikuona kuwa ni stara.

Ruta yetu hutunzwa na kijana mmoja wa madrasa. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa amebadilisha nywila, kwa idhini yetu, baada ya kubainika kwamba majirani kadhaa wanaangalia mpira kwa bando la msikiti. Basi waifai ilipokosekana, mzee mmoja akasema, "Huyu ameibadilisha tena." Nami, badala ya kunyamaza, nikaongeza kwamba vijana wakikabidhiwa kitu hujiona ndio wenye nacho. Niliyasema hayo baada ya Alasiri, mbele ya watu wapatao kumi, naye alikuwa barazani akivaa viatu. Alisikia.

Hakujibu. Baadaye alikuja ofisini akaniuliza maswali mawili tu. "Ustadh, simu yako imeshika mtandao wa hapa?" Nikatazama, imeshika. "Na kompyuta, inaliona jina la ruta kisha inakataa nywila, au haioni jina lolote?" Haikuona lolote, hata mtandao wa duka la jirani ambao siku zote huonekana.

Tofauti hiyo ndiyo ninayowaomba wazazi waishike, kwa maana inaondoa nusu ya mabishano nyumbani. Kompyuta inayoliona jina la ruta yenu na kukataliwa kuingia, shida yake mara nyingi ni nywila. Inayoingia lakini haifungui kurasa, tazameni bando, kisha tazameni tarehe na saa: mashine iliyowekewa mfumo upya huweza kuwa na tarehe ya uongo, na tovuti nyingi salama huikataa kwa sababu hiyo. Ama ile isiyoona mtandao wowote, ilhali simu zote zinaona, haina ugomvi na ruta wala na aliyeigusa ruta. Kasoro imo ndani yake.

Ndani ya kompyuta mna kadi ndogo ya waifai. Mfumo endeshi hauwezi kusemezana na kadi hiyo bila programu ya kati, ambayo mafundi huiita draiva. Kompyuta mpya hutoka kwa mtengenezaji draiva ikiwa imeshawekwa. Fundi akifuta diski na kuweka Windows tupu, draiva nayo huondoka. Windows huja na draiva za kadi nyingi, lakini si zote, na fundi wetu aliridhika kuiona mashine inawaka. Hapo mtu huingia katika kitanzi, kwani draiva iko mtandaoni, na mtandao haupatikani bila draiva.

Kwanza hakikisheni kwamba hali ya ndegeni haikuwashwa, na kwamba kitufe chenye mchoro wa antena hakikubonyezwa kwa bahati mbaya. Kisha bonyezeni kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi X, mchague Device Manager. Kadi iliyokosa draiva kwa kawaida huonekana chini ya maneno Other devices, kwa jina la Network Controller, ikiwa na alama ya njano. Yetu ilikuwa pale pale.

Kijana akachukua waya wa kuchajia simu yake ya Android, akaichomeka kwenye kompyuta, akawasha USB tethering katika mipangilio ya simu. Mtandao ukaingia kupitia waya, kwa kuwa njia hiyo Windows huifahamu tayari. Upesi akauwekea mtandao huo alama ya Metered connection, na hili msilisahau, maana Windows iliyowekwa upya ina njaa ya masasisho na inaweza kulimaliza bando lenu kabla hamjapata mlichokitafuta. Akaingia Windows Update, Advanced options, hadi Optional updates. Draiva ilikuwa hapo. Akaipakua, akazima na kuwasha, majina ya mitandao yakajitokeza.

Isipokuwapo hapo, nendeni katika tovuti ya aliyeitengeneza kompyuta, kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine. Mnaweza kupakua kwa kompyuta nyingine na kuhamisha kwa flashi. Tovuti zinazodai kuwa na draiva za kompyuta zote ziepukeni, nyingi hubeba programu ambazo hamkuzitaka. Na ambaye bado hajapeleka mashine kwa fundi, afungue Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, atengeneze folda iitwayo draiva kwenye flashi, aandike: pnputil /export-driver * E:\draiva, ikiwa flashi yake imepewa herufi E. Draiva zilizoongezwa juu ya Windows zitanakiliwa humo, amkabidhi fundi.

Sura ya Al-Hujuraat, ambayo ndani yake tumekatazwa dhana na tumeamrishwa kuhakiki habari, nimeisomesha mara nyingi katika darsa la vijana. Huyu alikuwa mmoja wa waliokaa mbele yangu. Nilimwomba radhi pale pale ofisini, akasema, "Yamekwisha, ustadh." Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu maneno yangu hayakusemwa ofisini. Baada ya Isha nikasimama, wengi wa wale wa Alasiri wakiwa bado hawajaondoka, nikasema kwamba nywila haikubadilishwa, kwamba kosa lilikuwa katika kompyuta, na kwamba mimi nilimsingizia. Mzee yule alinisikiliza ameinamisha kichwa. Tulipotoka nilimwona amemshika kijana mkono, wakitembea pamoja hadi kwenye kona ya mtaa, walilosemezana sikuliuliza.

Vipande tulivichapa usiku uleule, na mchele ukagawiwa siku moja kabla ya Idi. Flashi yenye draiva za kompyuta yetu sasa imo katika droo ya ofisi, pamoja na muhuri wa msikiti. Kijana ameibandikia karatasi na kuandika: Waifai, isifutwe.