Muuza mbegu aliyekataa pesa yangu

Ndugu mkulima, nilipokuwa Tsukuba, Japani, kwa mafunzo ya kilimo cha mpunga, niliingia duka la pembejeo kununua mbegu za kabichi za kujaribu bustanini. Muuzaji aliinama kunisalimu, akasoma pakiti, akanionyesha kwenye kalenda kuwa msimu wake umepita, akairudisha. Siku ile hakuuza, lakini sikununua tena kwingine.

Kwetu mtu anauza mbuzi apate mbegu, anapewa isiyofaa, msimu mzima unapotea. Mwenye duka, kabla hujapokea hela muulize mteja analima wapi na anapanda lini. Nawe mkulima, kagua lebo ya TOSCI na tarehe, dai risiti, tunza pakiti hadi uvune.

Mteja uliyemwambia ukweli hurudi, tena na jirani yake.