Matangazo ya intaneti: Salio letu linakwenda wapi?

KATIKA makazi ya Mishamo, Tanzania, nilikozaliwa na kusoma, mkimbizi hakwenda Mpanda mjini bila kibali. Karatasi ile ilitaja jina lako, unakokwenda na siku ya kurudi. Tuliichukia, lakini angalau tulimjua aliyeiandika na ofisi yake ilipo. Niliporejea Burundi mwaka 2009 nilidhani mambo ya kuandikwa kila hatua yamekwisha. Nilijidanganya. Siku hizi anayetufuata yumo mfukoni mwetu, na gharama ya kufuatwa tunailipa wenyewe.

Nitoe mfano. Jirani yangu, mama mfanyabiashara, huchukua dagaa na vitenge upande wa Manyovu, akavusha Mugina na kwenda kuuza Makamba. Siku moja mwaka 2023 alikuwa akitafuta bei ya kubadilisha fedha kwenye simu yake, mara kioo kikajaa maandishi mekundu: simu yako ina virusi, bonyeza hapa kuisafisha. Akanijia mbio. “Mwalimu, nifanyeje?” Nikamwambia abonyeze. Narudia, ili msomaji asidhani ninahubiri kutoka mimbarini: ni mimi niliyemwambia abonyeze.

Kuanzia hapo, vocha aliyoweka asubuhi ilikuwa imekwisha kabla ya adhuhuri. Nyumbani aliishi na mtoto wa dada yake, kijana wa miaka 16, aliyependa kuazima simu ile. Mama akamshuku. Kijana akakana, maneno yakawa makali, mwisho akarudishwa kwao. Mwezi ukapita, kijana hayupo, na salio likaendelea kuliwa. Tulipokwenda ofisi ya kampuni ya simu ndipo tulipoambiwa kuwa namba ile imeandikishwa huduma tatu za kulipia ambazo mama hakuwahi kuziomba.

Inakuwaje tangazo lifanye hivyo? Wengi tunadhani kuwa ukifungua ukurasa wa intaneti, simu inaleta ukurasa huo tu. Sivyo. Kurasa nyingi huiagiza simu iite kompyuta nyingine nyingi za watu usiowajua. Huko, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nafasi ya tangazo hunadiwa kama mnadani. Anayetoa bei kubwa ndiye unayemwona, na mwenye ukurasa mara nyingi hajui ni tangazo gani limekufikia. Hapo ndipo tapeli anapopenyeza lake, kwa kulipia nafasi kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Wala hili si la kurasa za vichochoroni tu. Mwaka 2009 gazeti la New York Times la Marekani lilijikuta likionyesha wasomaji wake tangazo la dawa bandia ya virusi, lile lile lililomkuta jirani yangu miaka 14 baadaye. Machi 2016 gazeti hilo hilo, pamoja na BBC, yalikuwa miongoni mwa majina makubwa ambayo kurasa zao zilipitisha matangazo yenye programu haribifu. Desemba 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitahadharisha kuwa wezi wananunua matangazo yanayojifanya kampuni halali, na likawashauri wananchi watumie programu za kuzuia matangazo. Polisi wa taifa tajiri wanapotoa ushauri huo, hatuwezi kuuita woga wa watu wa vijijini.

Jambo la pili ni bando. Mwaka 2015 New York Times lilipima kurasa za habari 50 kwenye simu, likakuta kuwa zaidi ya nusu ya data iliyotumika ilitokana na matangazo na vitu vingine vinavyochujwa na programu za kuzuia. Kwa mtu wa ofisini mwenye intaneti isiyo na kipimo, hilo ni kero. Kwa anayenunua megabaiti kidogo kidogo pale mpakani ili ajue bei ya mchele, ni sawa na kulipa nauli ya abiria asiyemjua.

Tatu ni ujasusi wenyewe. Desemba 2013 tume ya biashara ya Marekani ilimbana mwenye programu ya tochi iliyokuwa imepakuliwa na mamilioni ya watu, kwa kuwa ilipeleka mahali mtumiaji alipo kwa makampuni ya matangazo bila kumweleza ukweli. Tochi! Aidha, Agosti 2020 wachunguzi wa kampuni ya Upstream walitangaza kuwa simu za bei nafuu aina ya Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Ghana na kwingineko barani, zilikutwa na programu haribifu zilizowaandikisha wenye simu huduma za kulipia. Watengenezaji walisema ziliingizwa na mtu mwingine kabla simu hazijafika dukani. Maskini alinunua simu mpya ikiwa tayari na mwizi ndani.

Kinga ipo, lakini haigawanywi sawa. Kivinjari kinachokuja na simu nyingi za Android ni Chrome cha Google, kampuni ambayo sehemu kubwa ya mapato yake ni matangazo. Kwenye simu, Chrome hakipokei kiongezi, yaani kijiprogramu cha kukisaidia, hata kile cha kuchuja matangazo. Kwenye kompyuta, kuanzia 2024 Google ilianza kuzima viongezi vya mtindo wa zamani, kikiwemo uBlock Origin, kilichotegemewa na wengi. Mwenye duka hawezi kufurahia mlinzi anayewafukuza wateja wake.

Basi tufanye nini? Kwanza, kama simu yako ni ya Android, pakua Firefox, kisha ndani yake ongeza uBlock Origin. Vyote ni bure. Pili, kama simu ni Android 9 au zaidi, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta palipoandikwa Private DNS, uandike dns.adguard-dns.com. Matangazo mengi yatakatika hata ndani ya programu nyingine, ingawa ujue kuwa hapo umeamua kuiamini kampuni moja badala ya nyingi. Tatu, ukurasa ukiomba ruhusa ya kukutumia taarifa, kataa. Nne, futa programu usiyoikumbuka, na tochi ikitaka majina ya watu wako, inyime. Tano, nenda kwa kampuni yako ya simu uulize namba yako imeandikishwa huduma gani. Hii ya tano ni muhimu, maana kizuizi hakifuti deni lililokwisha kuanza, wala hakiondoi programu iliyokwisha kuingia.

Wapo watakaosema kuwa kuzuia matangazo ni kuwanyima riziki waandishi. Hoja hiyo ina uzito, na hata gazeti hili linahitaji matangazo. Hata hivyo, tangazo la gazetini halinifuati hadi nyumbani, halihesabu nimelitazama mara ngapi, wala halichukui salio langu. Likirudi intaneti kwa adabu hiyo, nitalifungulia mlango. Sheria za kulinda taarifa binafsi zimepitishwa Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022, lakini bidhaa zetu huvuka mipaka hiyo kila siku na simu zetu pia. Sheria ya upande mmoja wa daraja haimlindi mama aliyeko upande wa pili.

Tulifuta huduma zile tatu, tukaondoa programu niliyomwambia aipakue, na salio likatulia siku hiyo hiyo. Kisha tulikwenda wote wawili kwa dada yake kuomba radhi, kwa kuwa tuhuma ilikuwa yake na ushauri ulikuwa wangu. Kijana alirudi. Lakini mpaka leo simu ya mama yake mkubwa haigusi, hata akitumwa.

Mwandishi ni mwalimu wa sekondari aliyerejea kutoka Tanzania.