Mandazi Si Adui wa Akiba Yako

Kila Januari, ama Njaanuari kama tunavyoiita wenyewe, ule ushauri hurudi: acha chai ya kibandani, acha mandazi, acha smoki pasua ya jioni, na utajenga. Unatumwa kwenye makundi ya WhatsApp, unasomwa redioni asubuhi, na mtu anaumeza akiwa na njaa.

Sisi hatukubaliani nao. Na kwa sababu kazi yetu ni pesa, hebu tupige hesabu. Chai moja na mandazi mawili, tuseme ni shilingi 50. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni 1,100 kwa mwezi, na 13,200 kwa mwaka. Si pesa ya kudharau, kuna mtoto hapo angenunuliwa sare na vitabu. Lakini ploti ya 13,200 haiko Kitengela wala Juja, na anayekuambia iko muulize hati. Zaidi ya hapo, hesabu hiyo haijaweka thamani ya zile dakika kumi za kukaa kwenye benchi na wenzako kabla bosi hajaanza kukutafuta.

Ukitaka kujua pesa inavujia wapi, fungua taarifa ya akaunti yako ya simu ya mwezi uliopita. Mara nyingi si kibandani. Ni ule mkopo wa simu uliochukuliwa saa tano usiku ili kubeti, halafu ukaanza kukatwa kila pesa ikiingia. Ni kwenda kwa wakala kutoa mia mbili mia mbili mara nne kwa wiki, na kila safari ada yake. Hivyo havina utamu wowote. Hakuna mtu amewahi kutuambia alifurahia kukatwa ada.

Kwa hivyo tunasema hivi: raha ndogo ipewe fungu lake. Wengi wenu mna laini mbili. Jumatatu weka 300 kwenye ile ya pili, na chai, smoki, mahindi choma na mutura vitoke huko. Ikiisha Alhamisi, Ijumaa tutakunywa chai ya nyumbani, na hakuna kesi.

Na raha za nyumbani, kusema kweli, ndizo za bei nafuu kuliko zote. Chapati za Jumamosi kwa dengu, watoto wakizunguka jikoni wakingoja ile ya kwanza iliyochanika. Avokado iliyoiva sawasawa siku unayoihitaji. Maji moto ya kuoga ukiwa umenyeshewa kutoka steji. Ila gesi ikiisha, au tokeni za stima zikikatika katikati ya chapati ya tatu, raha yote inageuka lawama. Nunua tokeni mapema.

Safari ya kazi ndiyo yenye mtihani. Mwenye posho ya siku tatu mfukoni hujiona tajiri. Akielekea Nakuru au Kisumu, gari linasimama Kikopey na moshi wa nyama choma unamwita kwa jina. Akienda Mombasa kuna mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, viazi karai jioni, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo Mji wa Kale. Tunasema kula. Umetoka kwako saa kumi alfajiri, umekaa kwenye semina ya slaidi themanini, mwili unadai chake. Lakini kuna mtu umemwacha nyumbani akihesabu sukuma wiki ya mama mboga, na yeye hakupewa posho. Mbuzi wako wa Kikopey akiwa mtamu, tuma 200 nyumbani saa hiyo hiyo, uandikie kabisa: "hii ni ya soda na watoto." Usingoje urudi. Halafu ukirudi, simama Kinungi ununue viazi na karoti, kwa sababu mkono mtupu haulambwi, na karoti za Kinungi ni ushahidi mzuri kwamba kweli ulikuwa upande huo.

Pesa ya kazi nayo isichanganywe na hii. Kama mwajiri wako hurejesha nauli na malazi baadaye, lipia hivyo kwa laini moja na starehe zako kwa nyingine. Siku ya kudai utatoa taarifa safi, na mhasibu hataanza kukuuliza mbuzi alihudhuria semina gani.

Kuna jambo moja hatulichekei. Wale wanaokimbia na mahindi, njugu na ndizi dirishani mwa basi hulipwa kwa simu siku hizi, na wapo abiria wanaongoja gari lichukue kasi ndipo waombe muamala urudishwe, eti walituma kimakosa. Wengine huonyesha ujumbe wa malipo ya jana. Kwa abiria ni mchezo wa shilingi 50. Kwa yule mama aliyesimama juani tangu asubuhi, faida ya mahindi kumi inaweza kuishia kwa abiria wawili wa aina hiyo. Huo ni wizi, tuuite jina lake. Kurudisha muamala kuliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba, basi.

Nawe unayeuza barabarani, usiachilie bidhaa kwa kuonyeshwa skrini ya mtu mwingine. Subiri ujumbe uingie kwenye simu yako, au angalia salio lako mwenyewe. Na wewe abiria, ukitaka mahindi, agiza na ulipe kabla dereva hajawasha injini, usome jina linalotokea, kisha umpe mama nafasi aangalie simu yake. Pilipili na ndimu atakupakia akingoja.