Picha za Bibi Zetu

Mwezi huu tufungue sanduku la picha. Si lile la chini ya kitanda, bali lililoko Marekani, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Southern California. Huko zimekusanywa picha za wamisionari wa zamani kutoka Afrika, Asia na kwingineko, na zimewekwa kwenye intaneti. Kuzitazama hakuna malipo. Kijana mwenye simu anaweza kukufungulia baada ya chakula cha jioni.

Zimo za Walutheri wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na za Wamoravian, walioanza kazi Rungwe mwaka 1891. Lililotugusa ni maelezo ya picha. Mara nyingi mmisionari ametajwa jina, lakini mama aliyembeba mtoto mgongoni ni "mwanamke wa Kichaga" tu. Alikuwa mama wa nani? Leipzig hawawezi kujua. Bibi wa miaka tisini pale Machame huenda akaitambua sura ile, maana ni ya shangazi yake.

Basi ukienda kumsalimia mama mkwe, nenda na picha hizo. Zitazameni polepole (macho ya wazee hayapendi haraka), nawe uwe na daftari: jina, ukoo, kijiji, na nani aliyekuambia.

Ukirudi, geuza na picha za nyumbani kwako, uone nyuma kumeandikwa nini. Sisi tuligeuza zetu. Nyingi hazikuwa na neno.