Mkitushtaki, Tushtakini Sawasawa

Ndugu zangu wa Mombasa, Kilifi na Malindi,

Ugomvi wa shamba ukichacha huko, sisi tulio Uingereza hushtakiwa, na mara nyingine habari hutufikia hukumu imeshatoka. Nasikia kuna mawakili wanaowaambia, "Huyo hapatikani, tangazeni gazetini, yaishe." Hayaishi. Tangazo la gazeti ni la mtu aliyetafutwa akakosekana. Mimi mnanipigia simu kila Idi.

Kanuni za Kesi za Madai za 2010, Amri ya 5, kanuni ya 21, zinairuhusu mahakama kutoa idhini ya samansi kuvuka mpaka, na sababu ya kwanza inayotajwa pale ni ardhi iliyoko Kenya. Iombeni hiyo kwanza. Mkiiruka, wakili wangu atakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba hukumu itenguliwe, nanyi muanze upya. WhatsApp nayo imekubaliwa kupelekea samansi tangu 2020, lakini idhini ya kuvuka mpaka ni jambo jingine.

Kenya haimo katika Mkataba wa Hague wa 1965, ambao ungewapa ofisi moja ya kupelekea hati. Njia rasmi basi hupitia wizara na ubalozi, hadi kwa afisa wa mahakama aitwaye Senior Master katika Royal Courts of Justice, London. Ndefu hiyo! Ila Uingereza haikatazi mtu binafsi kukabidhi samansi ya kigeni: mkiwa na idhini, mlipeni mtu wa huku abishe hodi kwangu, kisha ale kiapo kuwa amenipa. Aliyeko Geneva msimfanyie hivyo. Kifungu cha 271 cha sheria ya jinai ya Uswisi chaweza kumfunga huyo mpeleka karatasi.

Na kama mnataka pesa pamoja na shamba, sikilizeni. Sheria ya Uingereza ya 1920 huruhusu hukumu za Kenya kusajiliwa huku, lakini si dhidi ya mtu asiyeishi Kenya wala kufanya biashara huko, kama hakufika kwa hiari mbele ya mahakama yenu. Hukumu ya kificho pengine itawapa shamba. Senti zangu, hapana.

Mimi nataka kufika. Nitamwandikia wakili wangu hapo Mombasa barua ya kumruhusu apokee samansi kwa niaba yangu. Mpelekeeni yeye, ofisi yake shangazi anaijua.